Kabla hujanunua laptopu, isikilize

Bumu likikaribia kutoka, wanafunzi wasioona wa mwaka wa kwanza huanza kuniuliza swali lile lile: "Dada, ninunue laptopu gani?" Wengi hutegemea niwatajie kampuni. Siwatajii. Huanza kwa kuwasimulia habari ya "usi".

Nilikuwa mwaka wa tatu, naandika ripoti ya mafunzo kwa vitendo. Kompyuta nimeiweka kwa Kiswahili, na sauti inayonisomea ni ya Kiswahili pia. Usiku mmoja nikafunga faili, ikaniuliza kama nataka kuhifadhi mabadiliko. Nikanyamaza kidogo nikifikiri, nikabonyeza Tab, nikasikia "hifadhi", nikabonyeza Enter. Kumbe kitufe kilikuwa "Usihifadhi". Ile "usi" ilimezwa, na kazi ya saa nne ikaondoka nayo.

Kosa langu halikuwa la usiku ule. Lilikuwa la siku niliyonunua, nilipokubali sifa za muuzaji: nyembamba, kioo kikali, rangi safi. Yaani nililipia kioo nisichokitazama!

Sauti inatoka wapi?

Watu wengi hudhani kisoma skrini huitazama skrini kama kamera. Hapana. Huuliza mfumo wa kompyuta: mtumiaji yuko kwenye kitu gani sasa? Mfumo hujibu kwa maneno: ni kitufe, jina lake ni hili, hali yake ni hii. Maneno hayo hupelekwa kwenye programu inayogeuza herufi kuwa sauti, kisha kwenye kadi ya sauti, na mwisho kwenye spika. Safari hiyo hurudiwa kila unapobonyeza kitufe, na sisi wazoefu husikiliza kwa kasi ambayo mgeni hashiki hata neno.

Angalia vizuri: kioo hakimo kwenye safari hiyo. Hata kadi ya michoro ya bei mbaya haikusaidii kitu hapo. Kazi inafanywa na prosesa, RAM na diski. Zikiwa dhaifu, sauti inachelewa. Ikichelewa, unadhani hujabonyeza, unabonyeza tena, na mara umefungua kitu usichokitaka.

Sasa, nani alimeza "usi"? Laptopu nyingi huzima kadi ya sauti kukiwa kimya kwa muda ili kuokoa betri. Sauti ikihitajika, kadi huchukua muda mfupi kuamka, na silabi ya kwanza inaweza kupotea. Anayesikiliza muziki hata hatagundua. Lakini Kiswahili huweka ukanushi mwanzoni mwa neno: usi-, ha-, si-. Ukikata kichwa cha neno, katazo linageuka kuwa amri.

Nenda dukani na flashi yako

Kuna kisoma skrini cha bure kinachoitwa NVDA. Kilianzishwa mwaka 2006 na Michael Curran wa Australia, naye haoni. Uzuri wake ni kwamba unaweza kukiweka kwenye flashi na kukiendesha kwenye kompyuta ya Windows bila kukisakinisha. Basi kiandae nyumbani, beba na hedifoni za waya, maana Kariakoo hutasikia kitu kwa kelele. Ukifika, omba dakika kumi.

Kwanza, jaribu kuchelewa kwa sauti. Shuka kwenye orodha ndefu kwa mshale, haraka haraka. Sauti ifuate kidole chako bila kubaki nyuma.

Pili, jaribu kimya. Kaa dakika nzima bila kugusa chochote, kisha bonyeza mshale. Je, neno la kwanza limekuja zima? Matoleo mapya ya NVDA yana mpangilio wa kuiweka kadi macho kwa muda baada ya kusema, lakini sikiliza mwenyewe.

Tatu, pitisha vidole kwenye kibodi. F na J ziwe na vinundu unavyovihisi. Mishale isibanwe hadi ikachanganyika na jirani zake. Home, End, Page Up na Page Down ziwe na vitufe vyake, kwa sababu tunazitumia siku nzima. Zikifichwa chini ya Fn, kila hatua inataka vidole viwili. Kitufe cha kuwashia kikikaa jirani na Delete, fikiri mara mbili. Na kama safu ya F1 hadi F12 ni ya kugusa tu, isiyobonyezeka, iache.

Nne, tafuta tundu la hedifoni. Bluetooth huongeza ucheleweshaji, na wewe ndicho kitu unachokikimbia.

Pesa uiweke wapi?

Kwa kazi za chuo, mimi hushauri RAM ya GB 8 na diski ya SSD, kabla ya kufikiria kioo. Kwa laptopu ya mtumba, uliza kama inakubali Windows 11, kwani Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 kwa kawaida Oktoba 2025. Mac nayo huja na VoiceOver ndani yake. Jaribu kwanza ya rafiki, amri zake ni tofauti. JAWS ni nzuri pia, ila ni ya kulipia, na bei yake si ya mwanafunzi.

Hata ukisahau flashi, bonyeza Windows, Ctrl na Enter kwa pamoja. Narrator, msomaji aliyemo ndani ya Windows, ataanza kuongea.

Wewe unayeona

Ukimsindikiza rafiki yako, muuzaji ataongea na wewe: "Mwambie hii ni nzuri." Mrudishie swali mwenye pesa. Usimsomee sifa za kwenye boksi kisha ukamchagulia. Weka laptopu mbele yake, rudi nyuma hatua mbili, umwache aibonyeze. Muuzaji akiona haya ni mambo ya ajabu, mweleze kwamba nawe ungekataa kununua laptopu iliyozimwa kioo.

Ile ripoti niliiandika upya kwa siku mbili. Laptopu ninayoandikia makala hii ni ya mtumba, nene, na nimeambiwa kioo chake kina mkwaruzo. Inasema "usihifadhi" yote, mwanzo hadi mwisho.