Shule Zinapofunguliwa: Tuwarudishe Watoto Wetu kwa Utulivu



Kipindi cha Noeli hufungwa kwa Sikukuu ya Ubatizo wa Bwana, na hapa kwetu Tanzania siku hiyo huja karibu sawa na kufunguliwa kwa shule. Pango lingali kanisani, lakini nyumbani mazungumzo yamekwisha kubadilika: sare, madaftari, viatu, nauli, michango. Katika pilikapilika hizo mtoto mwenyewe husahaulika. Tunamnunulia kila kitu, wala hatumwulizi kitu.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Tamko lake juu ya Malezi ya Kikristo la tarehe 28 Oktoba 1965, unawatambua wazazi kuwa walezi wa kwanza na wakuu wa watoto wao. Shule huwasaidia, haichukui nafasi yao. Kwa hiyo kazi ya kumrudisha mtoto darasani huanza sebuleni na jikoni, juma moja au mawili kabla ya kengele ya kwanza.

Tuanze na jambo ambalo wengi hulidharau, yaani usingizi. Wataalamu wa afya hushauri kwamba watoto wa miaka 6 hadi 12 walale kwa muda wa saa 9 hadi 12 kila usiku, na vijana wa miaka 13 hadi 18 kwa muda wa saa 8 hadi 10. Mtoto aliyekesha likizo nzima mbele ya runinga au simu, akaamka jua limekwisha panda, mwili wake umezoea ratiba nyingine. Tukimwamsha ghafla saa 11 alfajiri siku ya Jumatatu, tunamtwisha mzigo usio wa lazima, kisha tunamwita mvivu. Afadhali kila baada ya siku mbili tatu alale robo saa au nusu saa mapema zaidi, na asubuhi atoke nje apate mwanga, awafungulie kuku au afagie uwanja. Sala ya jioni ya familia husaidia hapa kuliko tunavyodhani: ikiwa na saa yake, runinga huzimwa, sauti hushuka, na wadogo hujua kwamba kinachofuata ni kitanda. Inatupasa kukiri kwamba mara nyingi wanaoichelewesha sala hiyo si watoto, ni sisi na taarifa ya habari.

Lililo zito zaidi ni hofu. Anayeingia darasa la kwanza, aliyechaguliwa kujiunga na kidato cha kwanza mbali na nyumbani, anayerudia darasa, kila mmoja anayo yake. Wengi hawaisemi, huumwa tumbo. Nao huumwa kweli, hawaigizi. Katika Jumuiya yetu Ndogo Ndogo alikuwapo mtoto aliyelalamikia tumbo kila Jumapili jioni. Tulimwombea, akapewa dawa ya minyoo, akakaripiwa. Ilipita miezi kadhaa ndipo bibi yake, walipokuwa wakichambua mchele wawili tu, akaambiwa kwamba wavulana wakubwa walikuwa wakimvizia njiani na kumnyang'anya fedha ya chakula. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amemwuliza kwa namna aliyoweza kujibu.

Ukimwuliza mtoto anaogopa nini, atasema haogopi kitu. Mwulize anakaa dawati moja na nani, wakati wa mapumziko huenda wapi, njia ipi hapendi kuipita. Umwulize mikono yake ikiwa na kazi, wala usimkazie macho. Mwinjili Luka anatusimulia kwamba Maria na Yosefu, baada ya kumtafuta Yesu siku tatu, walipomkuta Hekaluni mama yake alimwuliza kwanza sababu, akamsikiliza, ingawa jibu hawakulielewa.

Tusimtishe mtoto kwa gharama. Tangu mwaka 2016 shule za serikali, za msingi na za sekondari hadi kidato cha nne, hazitozi ada. Lakini sare, nauli na vifaa vya bweni vimebaki mabegani mwa familia, na tunajua yalivyo mazito. Hata hivyo, kumkumbusha kila siku ni mbuzi wangapi waliouzwa kwa ajili yake hakumwongezei bidii. Humwongezea deni asiloweza kulilipa.

Hofu ya kawaida hupungua baada ya juma moja au mawili. Isipopungua, mtoto akawa halali, hali vizuri, ameanza tena kukojoa kitandani, au anamkwepa mtu fulani, huenda anapigwa au anadhulumiwa. Hapo si saa ya kumhimiza avumilie, wala ya kulimaliza jambo kifamilia ili kulinda heshima ya mtu, hata akiwa mhudumu wa Kanisa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa kila mwanajamii wajibu wa kutoa taarifa. Yapo madawati ya jinsia na watoto katika vituo vya polisi, na ipo namba ya simu 116 kwa ajili ya watoto.

Wapo pia mabinti wanaorudi shuleni baada ya kujifungua, jambo ambalo serikali imeliruhusu tangu Novemba 2021. Hao wanahitaji mtu wa kubaki na mtoto mchanga kuliko wanavyohitaji minong'ono yetu baada ya Misa. Akina mama wa Jumuiya wanaweza kupokezana.

Kwa wanaokwenda bweni, tranka lifungwe siku mbili kabla, mtoto mwenyewe akipanga, rozari yake iwe juu ya nguo. Apate nafasi ya kuungama kabla ya safari. Kuagana kuwe kufupi. Na tukimwahidi kumtembelea, tuiandike tarehe hiyo mbele yake katika kalenda ya parokia iliyopo ukutani, na nauli ya siku hiyo tuiweke kando sasa.