Pumzi ya Watu na Mizani Mbili

Kati ya mwaka 1934 na 1938, wanaanthropolojia Godfrey na Monica Wilson waliishi miongoni mwa Wanyakyusa, kaskazini mwa Ziwa Nyasa. Katika kitabu chake Good Company cha mwaka 1951, Monica alieleza imani iliyokuwa na nguvu katika vijiji vyetu: mtu akikosa na majirani wakamnung'unikia, manung'uniko yale humletea ubaridi mwilini na maradhi. Wenyewe waliyaita embepo sya bandu, pumzi ya watu. Alibaini na jambo lingine, ambalo sisi wa Mwaya na Kyela yote tungefaa kulisoma upya. Mgonjwa na nduguze walisema amelogwa. Wenye kinyongo naye walisema hapana, kakosa huyo, pumzi ya watu imempata na amestahili. Homa ilikuwa ile ile. Hukumu ilifuata msemaji yuko upande wa nani.

Wanasaikolojia wameipima tabia hii. Mwaka 1979, Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, wanafunzi 48 walipewa tafiti mbili kuhusu adhabu ya kifo: mmoja ukionyesha kwamba inapunguza mauaji, mwingine kwamba haipunguzi. Nusu yao walikuwa wakiiunga mkono, nusu wakiipinga. Kila kundi liliona utafiti uliolipendeza ni makini na ule mwingine una kasoro, kisha likasema msimamo wake umezidi kuwa imara. Usomi haukuwakinga.

Sasa tazama mjadala wa haki za watu waliobadili jinsia. Wengi wetu tunaobishana kijiweni hatujawahi kuzungumza na hata mmoja wao. Tunajenga hoja juu ya video iliyotumwa kwenye simu, nayo haina mwanzo wala mwisho. Ndiyo maana tunachanganya mambo. Washindi watatu wa mita 800 wanawake kwenye Olimpiki ya Rio 2016, yaani Caster Semenya, Francine Niyonsaba wa Burundi na Margaret Wambui wa Kenya, wametajwa mara nyingi kama wanaume waliojigeuza. Hakuna aliyebadili jinsia kati yao. Walizaliwa wakahesabiwa wasichana, wakalelewa wasichana; kilichowabana ni kanuni za homoni zilizoanza kutumika mwaka 2019. Anayepinga huwataja, anayetetea naye huwataja, na wote wawili wanabishania watu wasiohusika.

Njia moja ya kujipima ni kubadilisha mhusika na kuacha kesi ilivyo. Chukua kesi ya Audrey Mbugua wa Kenya. Alifanya mtihani wa kidato cha nne akiwa na jina la kiume, na baadaye akaishi kama mwanamke. Cheti kilibaki na jina la zamani na alama ya jinsi ya kiume, hivyo kila alipoomba kazi makaratasi yalimkana. Baraza la mitihani lilikataa kukirekebisha. Oktoba 2014, Jaji Weldon Korir wa Mahakama Kuu aliamuru Audrey apewe cheti chenye jina lake jipya, kisicho na alama ya jinsi. Hoja yake ilikuwa nyepesi: maksi hazitolewi kwa kufuata jinsi, kwa hiyo kuiondoa alama hiyo hakupunguzi thamani ya cheti.

Mweke mahali pake mwanamke wa Ipinda aliyechukua jina la mumewe, au kijana aliyesilimu akaitwa Yusufu. Akitaka vyeti vifuate jina, utamuuliza kama ana hati halali, basi. Kama kwa Mbugua ulitaka kwanza kujua mwili wake ukoje, hiyo ni mizani ya pili. Huenda una sababu ya kuwa nayo. Itaje waziwazi, ili ipimwe kama hoja.

Wanaotetea nao hawajasalimika. Desemba 2014, jarida la Science lilichapa utafiti ulioonyesha kwamba mazungumzo mafupi mlangoni hubadili kwa muda mrefu maoni ya watu kuhusu ndoa za jinsia moja. Ulishangiliwa, kwa sababu wengi walitamani uwe kweli. Mwaka 2015 ikagundulika takwimu zake hazikuaminika, na jarida likauondoa. Kati ya walioibua kasoro hizo walikuwamo David Broockman na Joshua Kalla, watu ambao matokeo yale yangewafaa. Mwaka 2016 walichapa utafiti wao wa Miami, wenye wapigakura 501. Wageni walibisha hodi, wakazungumza na mwenyeji kwa dakika kama kumi, wakamwomba akumbuke siku aliyohukumiwa kwa kuwa tofauti na wenzake. Chuki dhidi ya waliobadili jinsia ilipungua, na badiliko hilo lilikuwa bado lipo miezi mitatu baadaye.

Simwambii mtu aache dini yake. Mwenye kuamini kwamba kubadili jinsia ni kosa ana haki ya kuamini hivyo na kulisema. Lakini imani hiyo haiwi ushahidi kwamba fulani ni mhalifu, wala haimpi mtu ruhusa ya kumpiga jirani au kumtoa kwenye chumba alicholipia kodi. Nawaomba walimu wa uraia, wachungaji, masheikh na watangazaji wa redio wa mkoa wetu: mjadala huu ukizuka mbele yenu, kabla hamjamwachia mtu atoe hukumu, mwulizeni ni ushahidi gani ungemfanya abadili mawazo. Asipokuwa na jibu, apewe nafasi mwingine.