Printa ya Zamani na Wino Uliokauka
Kila ukaribiapo mwezi wa Ramadhani, printa za rangi zilizolala kabatini huamshwa zichape ratiba za kufuturu. Nyingi hutoa mistari mitupu, kwani wino umekaukia kichwani.

Tusiharakie kuitupa. Katriji za HP namba 21 na 22 zina kichwa chake ndani, hivyo katriji mpya humaliza tatizo. Tarehe ya mwisho itazamwe dukani, na muuzaji mwaminifu hatachukia. Kichwa cha Epson kimo mashineni. Husafishwa kwa amri ya mashine, mara mbili tatu tu, maana kila usafishaji hunywa wino.

Yetu tuliizimia ukutani badala ya kitufe chake, kichwa kikabaki bila kifuniko. Siku hizi kila Ijumaa, baada ya swala, mwanetu huchapa ukurasa mmoja wenye rangi zote.