Rusumo: Daraja Moja, Kanuni Mbili za Barabara

Lori linalotoka bandari ya Dar es Salaam likiwa na shehena ya Kigali husafiri takriban kilomita 1,300 kwa kushika upande wa kushoto wa barabara. Hupita Morogoro, Dodoma, Singida na Nzega, likaingia Kahama, likafika Nyakanazi na hatimaye Rusumo, mahali ambapo mto Kagera hutenganisha Tanzania na Rwanda. Hapo hati za mzigo hukaguliwa, mihuri hugongwa, na dereva huwasha injini aendelee na safari. Lakini tangu hapo mpaka Kigali, mwendo wa zaidi ya kilomita 150, aliyoyazoea barabarani yamegeuka: sheria inamtaka ashike kulia.

Tofauti hii haikutokana na matakwa ya wananchi wa nchi hizi mbili. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, Tanganyika na Ruanda-Urundi zilikuwa chini ya Wajerumani. Baada ya vita hivyo Waingereza walipewa Tanganyika, na Wabelgiji wakapewa Ruanda-Urundi. Kila mkoloni alileta desturi ya barabara za kwao. Uhuru ulipopatikana, Tanganyika mwaka 1961 na Rwanda mwaka 1962, magari, barabara na madereva walikuwa wameshazoea upande mmoja, na mpaka leo kila nchi imebaki na upande wake.

Lugha yenyewe imeibeba historia hiyo. Nchini Tanzania mzunguko wa barabara huitwa kipilefti, neno lililotokana na agizo la Kiingereza la kumtaka dereva ashike kushoto. Mzunguko wa Tanzania huzungukwa kwa kufuata mwendo wa mikono ya saa, na dereva anayetaka kuingia humtazama anayetokea kulia kwake. Kigali mzunguko huendewa kinyume cha mikono ya saa, na hatari hutokea kushoto. Dereva akiingia katika mzunguko wa Kigali kwa fikra za kipilefti, atakutana na wenzake uso kwa uso.

Wengi hudhani kwamba kubadili upande ni jambo la kugeuza usukani tu. Sivyo. Dereva wa lori la Tanzania hukaa kulia, karibu na mstari wa kati, na anapotaka kulipita gari lililo mbele yake huona vizuri anayekuja. Akishaingia Rwanda, kiti chake kiko upande wa mtaro. Ili auone upande wa pili, hana budi alitokeze lori lake kwanza katika njia ya wengine. Hapo utingo aliyeketi kushoto ndiye huwa macho yake. Akisinzia utingo, lori limepofuka nusu. Dereva wa Rwanda aletaye lori lenye usukani wa kushoto katika barabara za Tanzania hupatwa na shida hiyohiyo.

Ziko pia taa. Taa za chini za gari lililotengenezwa kwa barabara za kushoto hutupa mwanga mrefu zaidi upande wa kushoto, kwenye ukingo, ili dereva awaone waenda kwa miguu. Gari hilo likitembea kulia usiku, mwanga huohuo huwapiga machoni wanaokuja mbele yake. Dereva huyo hana nia mbaya wala hajawasha taa kubwa. Ni taa zake zilizoundwa kwa nchi nyingine.

Abiria nao wanahusika. Mlango wa basi la Tanzania uko kushoto, unapofungukia kando ya barabara. Basi hilo likisimama kando ya barabara ya Rwanda, mlango hufungukia upande wa magari yanayopita. Mama mwenye mtoto mgongoni, akishuka kwa haraka kama alivyozoea, hukanyaga katikati ya barabara. Naye mwenda kwa miguu anayevuka, ambaye kwao hufundishwa kutazama kulia kwanza, Rwanda hana budi aanze kushoto, kwa kuwa gari la karibu hutokea huko.

Tofauti nyingine ni ya mwendo. Sheria ya Usalama Barabarani ya Tanzania ya mwaka 1973 huweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi, na kilomita 80 kwa mabasi na malori mazito nje ya makazi. Rwanda, kwa amri ya Rais ya mwaka 2015, mabasi ya abiria yalitakiwa kufungwa vidhibiti mwendo visivyoruhusu kuzidi kilomita 60 kwa saa. Wako wanaoiona tofauti hiyo kuwa ndogo, lakini hesabu inasema vingine. Chombo kiendacho kilomita 80 hukimbia takriban mita 22 kila sekunde, na nguvu inayopaswa kuzimwa na breki zake huzidi ile ya kilomita 60 kwa karibu robo tatu. Katika nchi ya vilima na kona kama Rwanda, ziada hiyo ndiyo huamua kama lori litasimama kabla ya kundi la wanafunzi wanaotoka shule, au baada yake.

Kila nchi imejitahidi kwa njia yake. Tanzania ilizuia mabasi ya abiria kusafiri usiku kwa miaka mingi, na ilipoyaruhusu tena mwaka 2023, jukumu la kuwa macho liliongezeka kwa madereva na wenye mabasi. Rwanda ilianzisha mwaka 2019 kampeni ya polisi iitwayo Gerayo Amahoro, maana yake fika kwa amani, na pikipiki za abiria za Kigali zinajulikana kwa kuwavika kofia ngumu dereva na abiria wake. Kila upande una la kujifunza kwa jirani.

Rusumo yenyewe imebadilika. Daraja la zamani la njia moja limepata mrithi aliye mpana, na kituo cha pamoja cha mpakani kilizinduliwa rasmi Aprili 2016 na Rais Paul Kagame na Rais John Magufuli. Muda wa kungoja umepungua, nayo ni faida kubwa kwa biashara. Hata hivyo yafaa tukumbuke kwamba muda uliopungua mezani umepungua pia kichwani mwa dereva. Mwili umeshavuka mpaka, mazoea bado yako ng'ambo. Wahenga walisema kweli kwamba mazoea yana taabu. Nayo humrudia mtu pale anapochoka, anapotoka kituo cha mafuta alfajiri barabara ikiwa tupu, au anaposhtuka na kukwepa ghafla.

Dawa haihitaji fedha nyingi. Dereva aliyechoka alale kabla ya kuvuka. Utingo afundishwe kuwa jicho la pili. Mwenye gari azirekebishe taa. Kondakta ashuke kwanza, atazame, ndipo awaruhusu abiria. Nayo mabango yanayokumbusha upande yasiishie mpakani, bali yarudiwe kila baada ya kilomita chache, yakiandikwa kwa Kiswahili, lugha ambayo Rwanda iliifanya kuwa rasmi mwaka 2017 na ambayo madereva wa njia hii huielewa.

Madereva wana msemo wao kwamba ajali haina kinga. Msemo huo hufariji msibani, lakini haufai kuwekwa kwenye usukani. Kinga ipo, na pale Rusumo huanza na swali moja ambalo kila dereva ajiulize kabla ya kuondoa breki ya mkono: sasa niko upande gani?