Kujifunza Kutembea Upya: Sayansi ya Mwanafunzi wa Tango

Wahenga walisema kwamba mwenda pole hajikwai. Mtu anayeanza kujifunza dansi iitwayo tango, jina lisilohusiana na tunda la bustanini, hukuta kwamba methali hiyo imemgeuka. Huambiwa asimame wima, ausikilize muziki, kisha atembee polepole. Kabla hatua tatu hazijatimia ameshayumba, amemkanyaga mwenzake, na macho yake yameanza kuitafuta miguu yake sakafuni. Jambo hili humfedhehesha, kwa kuwa amekuwa akitembea tangu utotoni. Hata hivyo, halitokani na uzembe wala ukosefu wa kipaji. Sababu zake zimo katika fizikia ya mwili na utendaji wa ubongo, na kuzifahamu kuna manufaa hata kwa watu wasio na haja yoyote ya kucheza dansi.

Asili na tabia ya dansi hii

Tango ilizaliwa katika nusu ya pili ya karne ya 19 katika miji ya Buenos Aires, nchini Argentina, na Montevideo, nchini Uruguay. Huko, katika mitaa ya watu wa hali ya chini, walikutana wahamiaji kutoka Ulaya, wenyeji wa nchi na wazao wa Waafrika waliokuwa wamepelekwa utumwani. Mitindo yao ya ngoma na muziki ikachanganyika. Mwaka 2009 UNESCO iliiingiza tango katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa wanadamu.

Dansi hii huchezwa na watu wawili waliokumbatiana. Mmoja huongoza na wa pili hufuata. Hakuna mfuatano wa hatua uliopangwa tangu mwanzo: kiongozi hubuni mwendo papo hapo, kulingana na muziki na nafasi iliyopo, na wachezaji wote huzunguka ukumbi kinyume cha mwendo wa mishale ya saa. Kwa hiyo mwanafunzi aliyekariri hatua nyingi, lakini asiyeweza kutembea vema pamoja na mwenzake, bado hajaijua tango.

Uzito juu ya wayo mmoja

Kila mwili una kitovu cha uzito, yaani mahali ambapo uzito wake wote huweza kuhesabiwa kana kwamba umekusanyika. Kwa mtu mzima aliyesimama wima, mahali hapo pamo ndani ya nyonga, chini kidogo ya usawa wa kitovu cha tumbo. Mtu haanguki maadamu mstari wima utokao hapo unashuka ndani ya eneo linalokanyagwa na nyayo zake. Akisimama kwa mguu mmoja, eneo hilo hupungua likawa upana wa wayo mmoja tu.

Kutembea kwa kawaida ni mfululizo wa maanguko yanayozuiwa. Mwili huegemea mbele, na mguu unaofuata huudaka. Mtu mzima hupiga hatua 100 hadi 120 kwa dakika, na kasi hiyo humsaidia kutoyumba, kama mpanda baiskeli anavyosaidiwa na mwendo. Muziki wa tango una mapigo makuu yapata 60 hadi 70 kwa dakika. Anayepiga hatua moja kwa kila pigo amepunguza mwendo wake karibu kwa nusu, na ule msaada wa kasi umemtoka. Sasa hana budi kuufikisha uzito wote juu ya mguu mmoja kabla ya kuusogeza mwingine.

Hapo ndipo wengi hushindwa. Kwa kuogopa kuanguka, mwanafunzi huugawa uzito wake kati ya miguu miwili. Mwenzake hawezi kutambua ni mguu upi ulio huru na upi uliobeba mwili, na matokeo yake ni vidole kukanyagwa. Kuangalia chini huongeza taabu. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 4 hadi 5; kikiinama, mgongo hupinda, na mwenzake husukumwa pasipo kukusudiwa.

Kazi ya kumbatio

Mwanafunzi hudhani kwamba wamekumbatiana kwa ajili ya uzuri wa dansi tu. Kumbe kumbatio ni njia ya kupashana habari. Kifua cha kiongozi kinapogeuka au kusogea, mwenzake huhisi badiliko hilo mara moja, na mwili huitikia mguso haraka kuliko jambo lililoonwa kwa macho.

Zaidi ya hayo, mguso husaidia mwili kutulia. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1994, John Jeka na James Lackner wa Chuo Kikuu cha Brandeis, Marekani, walionyesha kwamba mtu aliyesimama katika hali ngumu huyumba kidogo zaidi akigusa kitu imara kwa ncha ya kidole, hata kwa nguvu isiyofikia uzito wa gramu 100. Mguso huo haumbebi. Humpa ubongo habari za mahali mwili ulipo. Mwanafunzi anayemng'ang'ania mwenzake kama nguzo huikaza misuli yake, na habari hizo nyepesi hupotea.

Yanayotendeka ubongoni

Mwaka 2006 Steven Brown, Michael Martinez na Lawrence Parsons walitoa matokeo ya uchunguzi wa wachezaji wa tango wa kujifurahisha. Wachezaji hao walilala chali ndani ya mtambo wa kupiga picha za ubongo, wakachezesha miguu yao juu ya ubao wa mteremko. Picha zilionyesha kazi kubwa katika sehemu ya juu ya ubongo kuelekea nyuma, ambayo husaidia kutambua viungo viko wapi bila kuviangalia. Mwendo uliofuata mapigo yaliyo sawasawa uliamsha pia sehemu za ndani zinazohusika na taratibu za mazoea.

Wanasaikolojia Paul Fitts na Michael Posner walieleza mwaka 1967 kwamba ujuzi wa mwili hupitia daraja tatu. Kwanza mtu hufikiri kila tendo. Kisha huunganisha matendo na kupunguza makosa. Mwishowe hutenda pasipo kufikiri. Anayeanza tango huurudisha mwendo wake kutoka daraja la tatu hadi la kwanza. Ndiyo maana huchoka upesi, ingawa ametembea mita chache tu.

Funzo kwa wagonjwa na wazee

Wapo watu wanaorudishwa daraja hilo la kwanza na maradhi. Katika ugonjwa wa Parkinson, seli za ubongo zinazotengeneza kemikali iitwayo dopamini hufa. Hatua za mgonjwa huwa fupi, kugeuka na kurudi nyuma humwia vigumu, na pengine miguu yake hukwama kana kwamba imegandamana na sakafu. Anguko moja laweza kumvunja nyonga na kumfunga kitandani.

Tango ina matendo hayo hayo: kuanza, kusimama, kugeuka na kurudi nyuma, yote kwa kufuata mapigo na mguso. Madeleine Hackney na Gammon Earhart, wa Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis, Marekani, walilijaribu jambo hili. Katika uchunguzi wao wa mwaka 2009, wagonjwa 58 waligawanywa: baadhi walifundishwa tango, wengine waltz na foxtrot, na wengine hawakufundishwa dansi. Baada ya masomo 20 ya saa moja moja, waliocheza walipata nafuu katika kujimudu wasianguke kuliko wasiocheza, na tango haikupitwa na dansi nyingine.

Dansi haiponyi ugonjwa huo, wala haichukui nafasi ya dawa. Iliyothibitika ni kwamba mwendo uliopotea katika mazoea waweza, kwa kiasi fulani, kufundishwa tena kwa uangalifu.

Kwa sababu hiyo mwalimu mwema hana haraka ya kumwonyesha mwanafunzi mapambo ya miguu. Humweka asimame, ahamishe uzito wote kulia, atulie, kisha ahamishe wote kushoto, macho yakiwa mbele. Zoezi hilo huonekana dogo mno, na wengi huliona la kitoto. Anayelivumilia kwa majuma kadhaa hukuta siku moja kwamba wimbo umekwisha, naye hakuitazama miguu yake hata mara moja.