Maji ndani ya buti

Wiki iliyopita niliahidi kuzungumzia magari, na ahadi ni deni. Lakini leo sitagusa foleni wala bei ya petroli. Nataka tuzungumze juu ya maji yanayoingia ndani ya buti, hasa buti la yale magari madogo ya wazi, yenye paa la turubai linalokunjwa nyuma ya viti. Najua wapo watakaosema hayo ni matatizo ya wenye nafasi. Wasubiri kidogo, kwani mengi nitakayoyasema yanahusu hata gari la kawaida lililozeeka mpira wa buti.

Gari langu ni Mazda MX-5 ya toleo la kwanza, lile lililotengenezwa kuanzia 1989 hadi 1997, ambalo kwao Japani liliuzwa kwa jina la Eunos Roadster. Nililinunua hapa Dar es Salaam kwa mtu aliyekuwa akihama mji. Kiangazi chote halikunisumbua hata siku moja. Ikaja masika.

Jioni moja niliweka ndani ya buti bahasha yenye ofa ya kiwanja cha marehemu baba. Asubuhi yake nilitakiwa kuipeleka kwa dada yangu mkubwa, ambako ndugu wote tulikuwa tumeitana. Mvua ilinyesha usiku kucha. Nilipofika na kufungua buti nikaikuta bahasha imelowa chapachapa, wino wa saini umetambaa hadi kwenye mhuri, na namba ya kiwanja haisomeki. Dada aliitazama ile karatasi, kisha akanitazama mimi. "Baba Neema," akasema, "hii ni mvua kweli?" Kati ya ndugu wanaozungumzia mali ya baba yao, swali kama hilo haliulizwi bure. Nilimchukua kwa mkono hadi kwenye gari, nikainua kapeti la buti, akayaona maji kwa macho yake.

Nikaenda kwa fundi. Hakuinama wala hakuinua kitu. "Bosi, hii ndogo tu, tunapiga silikoni." Akapiga silikoni kuzunguka taa za nyuma, akapiga kwenye ukingo wa turubai, akaziba na kila tundu aliloliona. Nikalipa, nikashukuru. Mvua iliyofuata maji yalikuwa mengi kuliko mwanzo, na safari hii hata kapeti la nyuma ya viti lilikuwa likitoa maji ukilikanyaga.

Kwa nini? Kwa sababu wote wawili, mimi na fundi, tulidhani kazi ya paa lile ni kuyazuia maji yasipite. Paa la turubai halikuundwa hivyo. Nyumba ya bati ina mfereji ukingoni unaoyapokea maji na kuyapeleka kwenye pipa. Gari hili nalo lina mfereji, umefichwa chini ya ukingo wa nyuma wa turubai. Maji yanayoteremka kwenye turubai na kioo cha nyuma huingia humo, yakagawanyika kushoto na kulia, yakashuka kwenye tundu moja kila upande, karibu na nguzo za mikanda ya usalama. Kutoka hapo hupita ndani ya bodi na kumwagika chini ya gari, mbele ya matairi ya nyuma. Kwa hiyo maji yameruhusiwa kuingia mahali fulani, ili mradi yatoke.

Sasa lipaki gari hilo chini ya mwarobaini au mvinje, kama nilivyokuwa nikifanya mimi kukwepa jua. Vijani vyembamba na vumbi hukusanyika katika zile tundu mpaka zikaziba. Mfereji ukijaa, maji hutafuta njia nyingine, na njia nyingine ni ndani. Mfereji wenyewe ukiwa umepasuka pembeni, maji huangukia nyuma ya viti au kupenya mpaka kwenye buti. Yakikaa ndani ya bodi muda mrefu, vizingiti vya milango huoza kutoka ndani, na siku utakapoona rangi imevimba kwa nje, bati limekwisha kuliwa. Yule fundi wangu alikuwa ameiziba kwa silikoni tundu moja ya kutolea maji. Ilikuwa imebaki moja, nayo ilikuwa imejaa majani.

Kuzizibua si kazi kubwa. Kunja paa, toa uchafu kwa vidole, halafu pitisha kijibomba laini cha plastiki. Usichokonoe kwa waya wenye ncha, maana utatoboa njia ya maji, na hapo utakuwa umejitengenezea uvujaji mpya usioonekana. Kisha mimina glasi moja ya maji polepole na uchungulie chini ya gari. Glasi iliyoingia juu ni lazima itoke chini.

Lakini lipo jambo moja katika buti la gari hili ambalo lilinifanya nitoke jasho nilipolielewa. Betri haiko mbele kwenye injini, iko ndani ya buti, upande wa kulia. Betri inapochajiwa hutoa gesi ya haidrojeni, na gesi hiyo ikikusanyika mahali palipofungwa, cheche moja inatosha kulipua. Ndiyo maana watengenezaji waliweka betri yenye vibomba vyembamba vya kuitoa gesi nje kupitia sakafuni. Mtu anayewinda uvujaji huku ameshika silikoni akikiona kibomba kinachopita sakafuni, ataona ni tundu la maji. Fundi wangu alikuwa amekizungushia gundi mpaka mdomoni. Wapo pia wanaonunua betri yoyote inayoenea mahali pale, isiyo na sehemu ya kuchomekea vibomba. Mwenye gari la namna hii aangalie jambo hilo leo, hata kama buti lake ni kavu kama jangwa.

Baada ya mfereji, zinabaki sehemu za kawaida ambazo ni za kila gari: mpira unaozunguka mlango wa buti, na vipira vilivyo nyuma ya taa na chini ya antena. Mpira wa mlango hupimwa kwa noti. Funga buti ukiwa umeibana noti, kisha ivute taratibu. Ikichomoka bila ubishi, mpira pale haubani. Taa nayo ifunguliwe nati zake kwa ndani, itolewe, isafishwe, iwekewe kipira kipya. Kuipaka silikoni kwa nje tu ni kuyafungia maji yaliyopenyea juu.

Na usiamini mahali unapoyakuta maji. Tone huingia juu, likatambaa kwenye ukingo wa bati na kuangukia hatua mbili mbele. Toa kila kitu ndani ya buti, tandika magazeti makavu (hili unalolisoma litafaa sana ukishalimaliza), funga, kisha mwagia maji kwa mpira wa bustani, taratibu, sehemu moja kwa dakika tano, ukianzia chini kupanda juu. Kila ukimaliza sehemu, fungua na utazame gazeti. Ukianza kwa kumwagia gari zima utajua tu kwamba linavuja, jambo ambalo ulilijua tangu mwanzo.

Ukavu nao una kazi yake, hasa kwetu pwani ambako hata shati likikaa kabatini hupata ukungu. Kapeti lina sponji chini yake, na sponji hushika maji wiki nzima hata kama juu pamekauka. Litoe kabisa ulianike juani. Inua tairi la akiba, kausha pembe za sakafu kwa kitambaa, na uliache buti wazi mchana kutwa. Kutu ndogo isuguliwe na kupakwa rangi kabla kapeti halijarudi. Jirani yangu alinishauri nitundike kifuko cha chumvi ili ivute unyevu. Chumvi huvuta kweli, kila mwenye kikopo cha chumvi mezani hapa Dar anajua, lakini ikishavuta hugeuka maji ya chumvi na kudondokea bati. Nilimshukuru, sikuitundika.

Ile silikoni niliibandua kwa kucha na kijiko cha plastiki kwa siku mbili. Betri nimeiwekea vibomba vyake. Nakala ya ofa tuliipata, na dada alisema ameridhika, ingawa tangu siku ile karatasi za familia anazitunza yeye. Juzi mvua ilinyesha tangu saa nane usiku. Asubuhi nilifungua buti nikakuta gazeti kavu, isipokuwa alama moja ya ukubwa wa sarafu chini ya taa ya kushoto. Kipira chake nimekiagiza Kariakoo, na Jumamosi nitaifungua taa hiyo.