Mkongojo Ulioegemezwa Ukutani

Sogeeni karibu, wajukuu zangu. Bibi wa hadithi hii nimembuni, ila nyumba yake mnaijua: udongo na fito, baraza mbele, kizingiti kirefu, choo huko nyuma kwenye mikorosho. Tumweke Kilangala, hapa hapa Lindi.

Goti la kulia linamsumbua. Mwanawe aliyeko Dar es Salaam akamletea mkongojo wa chuma uliowahi kutumiwa na mgonjwa mwingine. Bibi akashukuru, akauegemeza ukutani, akaendelea kwenda kwa kushikashika kuta. Mjukuu wake akanung'unika, "Bibi mkaidi!"

Ukaidi uko wapi? Mkongojo ulikuwa mrefu hata bega likapanda. Mtu akisimama wima mikono ikining'inia, mshikio unatakiwa ufike usawa wa kifundo cha mkono. Chini palikuwa na kitufe cha kuupunguza urefu, ila hakuna aliyemwonyesha. Tena jirani alimwambia aushike upande wa goti bovu. Sivyo! Unashikwa kwa mkono wa upande mzima, ukatangulia pamoja na mguu mbovu. Mpira wa nchani nao ulishalika: kwenye saruji unateleza, mchangani unazama.

Hayo hurekebishika kwa siku moja. Zito zaidi ni kwamba bibi hakuulizwa. Machoni pake chuma kile ni kitu cha hospitali, na hakutaka kuonekana mgonjwa. Bakora ya mti angekwenda nayo hata harusini, maana bakora ina heshima yake. Miwani isiyopimwa na shimesikio lenye makelele huishia sandukuni kwa namna hiyo hiyo, kisha tunawalaumu wazee.

Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani na UNICEF walieleza kuwa watu zaidi ya bilioni 2.5 duniani wanahitaji vifaa saidizi, na katika baadhi ya nchi maskini wanaovipata ni asilimia 3 tu ya wenye uhitaji. Basi inauma kifaa adimu namna hiyo kikilala ukutani.

Mjukuu alipoelewa, akabonyeza kitufe, akakata kipande kipana cha tairi kuukuu akakifunga nchani, akachonga kidaraja kizingitini na kusawazisha njia ya chooni. Bibi akajaribu, akafika, akarudi.

"Haya, mume wangu," akasema, "sasa nitafutie fundi wa bakora. Hii ya nyumbani, ile ya kwendea kwa watu."